Kiungo Kinachovuta na Kupinda
Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Leo tunasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya mapigano. Ni historia ya kitu cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho kimejificha nyuma ya gurudumu la mbele la motokaa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: shafti, jointi, gololi, grisi. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Nimechagua habari hii kwa sababu ya jirani yangu, dereva wa teksi. Motokaa yake ilianza kulia ka-ka-ka kila alipokata kona. Akaipeleka gereji, akaambiwa shokapu zimekwisha, akalipa. Sauti ikabaki. Akaenda gereji ya pili, akabadilishiwa bol jointi, akalipa tena. Sauti ikabaki. Jioni moja, akiwa juu ya kilima na abiria wawili, kukasikika mlio mkubwa chini ya gari, na gari likakataa kwenda. Akaweka gia kwenye P, kama alivyozoea anapoegesha, akashuka atazame. Gari likaanza kurudi nyuma lenyewe! Lilisimamishwa na mwembe. Abiria walipona, lakini hofu waliyoipata si ndogo. Kwa nini gari lilirudi nyuma ingawa gia ilikuwa kwenye P? Tutalifikia jambo hilo. Kwanza turudi nyuma miaka mingi.

Katika motokaa za zamani injini ilikaa mbele, na nguvu zake zilipelekwa nyuma kwa shafti ndefu iliyopita chini ya gari. Magurudumu ya nyuma yalisukuma. Ya mbele yalipinda kushoto na kulia tu. Walikuwa kama wavuvi wawili katika mtumbwi mmoja, huyu apiga kasia, yule ashika usukani. Lakini katika motokaa nyingi ndogo unazoziona mjini leo, kama Toyota Vitz, Passo, IST, Mazda Demio na Honda Fit, magurudumu ya mbele hufanya kazi zote mbili. Apigaye kasia ndiye huyo huyo ashikaye usukani.

Sasa fikiri kwa makini. Shafti ni fimbo ya chuma iliyonyooka, nayo inazunguka. Upande mmoja imeingia katika gia boksi. Upande wa pili imeingia katika gurudumu. Na gurudumu hilo linapinda kushoto, linapinda kulia, linapanda likikanyaga jiwe, linashuka likiingia shimoni. Je, fimbo iliyonyooka yaweza kuzunguka katika mambo yote hayo bila kuvunjika? Haiwezi. Sharti iwe na viungo, kama mkono wako ulivyo na kiwiko na kifundo. Kiungo hicho mafundi hukiita jointi. Watu wenye akili nyingi walihangaika nacho kwa muda mrefu sana.

Mtu wa kwanza kutengeneza gari kubwa la kujiendesha lenyewe alikuwa Mfaransa, Nicolas-Joseph Cugnot, mwaka 1769 na 1770. Gari lake lilikwenda kwa mvuke, na lilikusudiwa kukokota mizinga ya jeshi. Pengine mtashangaa kusikia kwamba liliendeshwa na gurudumu la mbele! Yeye aliikwepa taabu ya kiungo. Birika la mvuke na mitambo yote aliiweka juu ya gurudumu lenyewe, hata dereva alipotaka kukata kona alipinda gurudumu, mitambo na birika kwa pamoja. Hebu fikiri uzito wa usukani huo. Gari hilo limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Paris.

Njia ya pili ilikuwa kutumia kiungo. Kiungo kilichojulikana kilikuwa cha namna ya msalaba: uma mbili za chuma zimekamatana kwa msalaba mdogo katikati. Mafundi wetu wanakijua, ndiyo krosi ya propela shafti ya lori. Nchi nyingi za Ulaya hukiita kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitalia aliyeishi tangu 1501 hata 1576. Lakini mtu aliyekichunguza na kukieleza vema ni Mwingereza Robert Hooke, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1676. Hooke hakuwaza motokaa, maana hazikuwapo. Alikuwa akishughulika na vyombo vya kutazamia jua na nyota.

Kiungo cha msalaba kina ila moja. Kikinyooka, hakina tabu. Kikipinda, upande wa pili hauzunguki sawasawa. Tuseme shafti ya kwanza inazunguka mara 100 kwa dakika bila kubadilika, na kiungo kimepinda kwa nyuzi 30. Basi shafti ya pili itakwenda kwa mwendo wa 87, kisha 115, kisha 87 tena, kisha 115, na yote hayo ndani ya mzunguko mmoja tu. Inajivuta, inakimbia, inajivuta, inakimbia. Katika lori jambo hili si baya sana, kwa sababu propela shafti hupinda kidogo, tena huwekwa krosi mbili ili moja isahihishe kosa la mwenzake. Lakini gurudumu la mbele hupinda sana, na nafasi ya kuweka viungo viwili ni finyu. Dereva akikata kona, usukani unamtetemeka mikononi kama jembe lililogonga mwamba, na jointi nazo zinakwisha upesi.

Watu walijaribu hata hivyo. Mmarekani J. Walter Christie alitengeneza motokaa za mashindano zilizovutwa na magurudumu ya mbele, akaenda kushindana Ufaransa mwaka 1907. Mwaka 1929 huko huko Marekani ikatoka motokaa ya fahari iitwayo Cord L-29. Ilikuwa nzuri mno kwa macho, lakini jointi zake za mbele hazikudumu. Mwenye mali aliinunua kwa fedha nyingi, akawa mtu wa gereji.

Dawa ilikuja katika miaka ya 1920, na ilikuja kutoka pande mbili. Huko Ufaransa vijana wawili, Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille, walivumbua mwaka 1926 jointi isiyojivuta wala kukimbia. Waliiita Tracta, wakaitia katika motokaa yao wenyewe, na mwaka 1927 wakaipeleka katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Ilimaliza mashindano. Na huko Marekani, mwaka huo huo wa 1926, mhandisi Alfred Rzeppa alibuni jointi ya gololi. Hii ndiyo mama wa jointi zilizomo katika Vitz na Passo za leo, basi yafaa tuitazame kwa utaratibu.

Fikiri kikombe cha chuma kigumu. Ndani ya kikombe mmechongwa mifereji sita. Katikati ya kikombe mna tunguu la chuma, nalo limechongwa mifereji sita. Kati ya tunguu na kikombe mna gololi sita za chuma, kila moja katika mfereji wake, nazo zimeshikwa na pete yenye matundu ili zisitawanyike. Tunguu limeshikamana na shafti. Kikombe kimeshikamana na gurudumu. Shafti ikizunguka, tunguu husukuma gololi, gololi husukuma kikombe, na gurudumu huzunguka. Gurudumu likipinda, gololi hutembea ndani ya mifereji na kukaa daima katikati kabisa ya pembe, nusu huku na nusu huku. Wachukuzi wawili wakining'iniza mzigo katikati kabisa ya mti, hakuna anayelemewa kuliko mwenzake. Ndivyo gololi zifanyavyo. Kwa sababu hiyo upande wa pili huzunguka sawasawa na wa kwanza, hata gurudumu likipinda mpaka mwisho.

Mtauliza, kama dawa ilipatikana 1926, mbona motokaa zote hazikuifuata mara moja? Kwa sababu kazi yake ni ya usahihi mkubwa. Mfereji ukikosewa unene wa unywele, gololi itabana au itacheza. Chuma chake ni kigumu na bei yake ni kubwa. Kumbukeni habari ya André Citroën wa Ufaransa. Mwaka 1934 alitoa motokaa ya kuvutwa mbele kwa watu wa kawaida, iitwayo Traction Avant. Aliitoa kwa haraka, kwa sababu madeni yalikuwa yamemkaba. Shafti na jointi zake za mwanzo zikawasumbua wanunuzi, na kampuni ikalazimika kutumia viungo vya misalaba miwili miwili. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo kampuni ikafilisika, ikachukuliwa na watu wa Michelin, watengenezaji wa mipira ya magari. Citroën mwenyewe alifariki Julai 1935. Motokaa yake, baada ya kurekebishwa, iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1957. Mimi humwonea huruma mzee huyu: gari lake lilikuwa jema, lakini yeye hakuishi kuona watu wakilipenda.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la kupita matopeni, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ndiyo Jeep. Zilitengenezwa zaidi ya 600,000, na nyingi kati yake zilitiwa jointi za namna hii mbele. Basi viwanda vikajifunza kuzitengeneza kwa wingi.

Mwaka 1956 ulizuka ugomvi wa Mfereji wa Suez. Petroli ikapungua Uingereza, watu wakauziwa kwa kipimo. Mkubwa wa kampuni ya British Motor Corporation akamwagiza mhandisi Alec Issigonis atengeneze motokaa ndogo isiyokunywa mafuta mengi. Issigonis aliilaza injini kwa upana, si kwa urefu. Akaweka gia boksi chini yake. Na magurudumu ya mbele akayapa jointi za gololi za Rzeppa. Urefu wa gari zima ulikuwa kama mita 3 tu, na watu wanne walienea. Motokaa hiyo, Mini, ilitoka Agosti 1959. Tangu hapo mlango ulikuwa umefunguliwa. Hata huku kwetu watu walianza kuona nguvu za kuvuta mbele: katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964, Erik Carlsson wa Sweden alishika nafasi ya pili kwa gari dogo la Saab, akipita katika matope yaliyowashinda wengi. Baadaye zikafuata Honda Civic mwaka 1972 na Volkswagen Golf mwaka 1974. Toyota Corolla, ambayo tangu 1966 ilisukumwa kwa nyuma, ilianza kugeuzwa mwaka 1983.

Sasa tumefika kwa jirani yangu.

Jointi ya gololi ina adui mmoja, naye ni mchanga. Gololi na mifereji huogelea katika grisi nzito nyeusi. Grisi hiyo imefunikwa na raba iliyokunjamana kama kinanda cha mkono. Mafundi wengi huiita buti. Raba ikiwa nzima, jointi yaweza kudumu miaka mingi. Raba ikipasuka, grisi hurushwa nje kwa mzunguko, na vumbi, maji na matope huingia. Mchanga ndani ya jointi ni kama msasa: husaga mifereji mpaka gololi zikapata nafasi ya kuchezacheza. Kuchezacheza huko ndiko kunakolia ka-ka-ka. Raba ni ya bei ndogo, shafti nzima ni ya bei kubwa, na kati ya hizo mbili pana majuma machache tu ya kuendesha katika barabara zetu za vumbi.

Basi usikubali kubadilishiwa kitu kabla ya kusikiliza. Kila gurudumu la mbele lina shafti yake, na kila shafti ina jointi mbili: ya nje karibu na gurudumu, na ya ndani karibu na gia boksi. Kila moja ina sauti yake. Tafuta kiwanja kipana kisicho na watoto. Fungua vioo, zima redio (ndiyo, hata kipindi hiki), pinda usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole. Ukisikia ka-ka-ka inayoongezeka kadiri unavyoongeza mwendo, jointi ya nje imekwisha. Zunguka upande mmoja, kisha wa pili. Mara nyingi jointi mbovu ni ya gurudumu lililo nje ya mzunguko, yaani ukipinda kushoto inalia ya kulia; lakini si kila mara, kwa hiyo macho yathibitishe yale masikio yaliyosikia. Jointi ya ndani haipigi kelele konani. Yenyewe hulitetemesha gari unapokanyaga mafuta kupanda kilima, na ukiachia mafuta mtetemo hupungua. Kuna na sauti ya tatu, mvumo kama wa nyuki unaosikika hata barabara ikiwa imenyooka. Hiyo mara nyingi ni bearingi ya gurudumu, usimlaumu shafti.

Kisha tazama. Pinda gurudumu, uinamishe kichwa nyuma yake. Je, raba imepasuka? Je, grisi nyeusi imerukia rimu kwa ndani? Ikiwa raba imepasuka lakini hakuna sauti, una bahati: jointi yaweza kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa grisi mpya ya jointi, na kuvalishwa raba mpya. Ikiwa inalia tayari, grisi mpya haitarudisha chuma kilichokwisha sagika.

Kubadilisha shafti ni kazi ya fundi, lakini mwenye gari afahamu hatua zake ili asidanganywe. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini, maana imekazwa sana. Ndipo gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu likitoka, bol jointi ya chini huachanishwa ili kitovu cha gurudumu kisogee nje na shafti ichomoke. Fundi akiipiga ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma moja kwa moja, mwambie asimame, kwa sababu anaharibu meno ya nati. Upande wa ndani shafti hung'olewa kwa mtaimbo, na beseni liwekwe chini, maana oili ya gia boksi itamwagika. Hapo pana sili ya raba. Ikikwaruzwa, oili itavuja siku zote. Shafti mpya husukumwa mpaka ile pete ndogo ya ncha yake inase kwa mlio, tak! Fundi aivute kwa mkono kuhakikisha haitoki. Mwisho nati hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, hufungwa isilegee, na oili iliyomwagika hurudishwa.

Na kwa nini gari la jirani yangu lilirudi nyuma? Gia ya P hufunga mitambo iliyo ndani ya gia boksi, haifungi gurudumu lenyewe. Baina ya gia boksi na magurudumu ipo difu, ambayo huruhusu gurudumu moja kuzunguka tofauti na mwenzake. Shafti moja ikikatika, difu huzungusha ile shafti isiyoshika kitu, na gurudumu zima la upande wa pili huachiwa. Kwa sababu hiyo hiyo gari halikwenda mbele alipokanyaga mafuta. Kilichoweza kulizuia kilimani ni breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma, na jiwe la kuzuia gurudumu. Yeye hakuvuta breki ya mkono. Sasa huivuta hata akiegesha katika uwanja wa mpira.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi atafute motokaa moja ya kuvutwa mbele, kwa ruhusa ya mwenyewe, atazame nyuma ya magurudumu mawili ya mbele. Kisha aandike katika daftari sentensi tatu: raba ya kushoto ikoje, raba ya kulia ikoje, na kama ameona grisi, ameiona wapi. Mwalimu wa darasa atazisoma kabla ya kipindi kijacho.